Ukifika Mirihi hutakuwa umekonda

Kando ya barabara ya Tom Mboya jijini Nairobi, kwa shilingi chache, unapanda mizani na mwenye nayo anakusomea kilo zako. Tuseme ni 70. Mizani hiyohiyo ingepelekwa Mirihi, ingesoma 27 hivi. Mwezini, karibu 12.

Dhana: basi mtu amepungua. Hajapoteza hata gramu moja ya nyama au mfupa. Mizani ya springi hupima unavyoikandamiza, yaani jinsi sayari inavyokuvuta. Tungamo lako, kile kiasi cha maada kilichomo mwilini, liko palepale. Ndiyo maana napenda mizani ya mawe ya maduka ya zamani: sukari inayolingana na jiwe la kilo 2 hapa soko la Gikomba ingelingana nalo mwezini pia, kwani vyote viwili vimepunguziwa mvutano kwa kiwango kimoja. Fikiria mkokoteni uliosheheni viazi. Mwezini ungeunyanyua kwa urahisi mara sita, lakini ukishashika kasi, kuukinga usikugonge ni kazi ileile ya hapa mjini. Tungamo halijui uko wapi.

Dhana: sayari kubwa, uzito mkubwa. Kwa Mshtarii ni kweli: 70 zako zingesomeka kama 177. Ila Zohali, yenye tungamo mara 95 ya Dunia, ingekupa 74 tu! Zohali imetanuka mno, upana wake ni kama mara tisa wa Dunia, kwa hiyo hata ukiwa juu ya mawingu yake uko mbali sana na kitovu. Umbali huo ukiongezeka maradufu, mvutano hubaki robo. (Mawingu, nasema, kwa sababu sayari hizo mbili hazina ardhi ya kuwekea mizani.)

Dhana: angani hakuna mvutano. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400 hivi juu yetu, mvutano bado ni karibu asilimia 90 ya huu wa chini. Wanaanga huelea kwa kuwa wao na chombo chao wanaanguka pamoja, huku wakikimbia kilomita 28,000 hivi kwa saa, hivyo Dunia inapinda chini yao kila wanapoanguka. Taifa-1, setilaiti ya Kenya iliyorushwa Aprili 2023, ilizungushwa na mvutano huohuo. Ungekatika ghafla, ingetokomea kwa mstari ulionyooka.