Dar haikuanzishwa na Wajerumani

Watoto wengi wa shule ya msingi, na wazazi wao pia, watakwambia Dar es Salaam ilianzishwa na Wajerumani. Sivyo. Wajerumani waliweka kituo chao hapa 1887, wakahamishia makao makuu kutoka Bagamoyo 1891. Lakini tangu miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar alishaanza kujenga mji karibu na kijiji cha Mzizima.

Mwalimu, wapeleke wanafunzi Boma la Kale, jengo la enzi za Majid, jirani na boti za Zanzibar. Waguse kuta za mawe ya matumbawe. Kisha wageukie bahari: mlango wa bandari mwembamba, ndani maji yametulia. Hapo jiografia inaeleza kwa nini Majid alipapenda. Ramani ya ukutani (kama haijachanika) ije baadaye.