Je, Wajua? Mbwa Asiyejulikana Alikotoka Hukatiwaje Bima Uingereza

Mbwa kaokotwa barabarani, hana chipu ya utambulisho chini ya ngozi, na kituo cha mbwa wasio na wenyewe kilichompokea hakijui alizaliwa lini wala aliwahi kuugua nini. Fomu ya bima inauliza umri, aina na magonjwa yote aliyowahi kupata. Utajaza nini?

Jaza unachokijua, basi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2012 kuhusu bima za watu binafsi inamtaka mteja awe mwangalifu asitoe taarifa za uongo. Haimtaki ajue yasiyojulikana. Aina yake andika chotara. Umri andika ule aliokadiria daktari wa wanyama. Kama fomu inalazimisha tarehe ya kuzaliwa, weka inayolingana na makadirio hayo, kisha iandikie kampuni kwamba ni makadirio na utunze jibu lao.

Daktari husoma umri kwenye meno. Ya utotoni hung'oka kati ya miezi 4 na 6, na kufikia mwezi wa 7 hivi ya ukubwani huwa yametoka yote. Baada ya hapo hubaki kutazama ukoga na kuchakaa kwa meno, na mbwa aliyezoea kutafuna mawe ataonekana mzee kuliko alivyo. Tofauti ya miaka miwili si jambo dogo: kampuni nyingi, mbwa akifika miaka 8 au zaidi, humtaka mwenyewe achangie sehemu ya kila bili, mara nyingi asilimia 10 au 20.

Sasa tuje kwenye kosa linalowagharimu watu zaidi. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa hakuna aijuaye historia ya mbwa, basi hana ugonjwa wa zamani. Sivyo. Mikataba mingi hukataa kulipia dalili yoyote iliyoonekana kabla ya bima kuanza au ndani ya kipindi cha kusubiri, yaani siku za mwanzo ambazo bima bado hailipi, hata kama ugonjwa wenyewe ulikuwa bado haujapewa jina. Kipindi hicho kwa kawaida ni siku 14 kwa maradhi na siku chache kwa ajali. Siku utakapodai fedha nyingi, kampuni itaomba faili kutoka kila kliniki aliyopita, pamoja na la kituo. Mstari mmoja tu ulioandikwa siku alipopokewa, "anachechemea mguu wa nyuma wa kulia", unatosha kukunyima malipo ya upasuaji wa kano ya goti mwaka mmoja baadaye, nao hugharimu maelfu ya pauni. Tena mikataba mingi huhesabu magoti yote mawili kuwa kitu kimoja, kwa hiyo hata goti la kushoto likiharibika utakataliwa. Nyonga, viwiko na macho ni vivyo hivyo.

Basi omba faili la kituo kabla ya kusaini, ulisome neno kwa neno. Kama alichechemea kwa sababu ya mwiba na akapona, mwombe daktari aandike sababu hiyo na tarehe aliyopona. Usimwombe afiche kitu. Huo ni udanganyifu, na bima yote inaweza kufutwa.

Bima ianze siku ileile unayomchukua. Vituo vingine hukupa bima ya bure ya wiki kadhaa. Uliza kama ukiendelea na kampuni hiyohiyo utasubiri upya. Chagua bima ya matibabu ya maisha yote ya mbwa (lifetime), ambayo kiwango chake cha juu cha malipo hujazwa upya kila mwaka. Ile ya miezi 12 huacha kulipia ugonjwa husika muda ukiisha, nao ugonjwa wa ngozi au kisukari hauishi kwa mwaka. Ukishaichagua usihamehame: kila kilichogunduliwa kwenye kampuni ya kwanza ni ugonjwa wa zamani kwa ya pili.

Mbwa aliyeletwa kutoka Romania, Cyprus au Uhispania apimwe damu. Ugonjwa wa leishmania, unaoenezwa na usubi, hujificha miezi hata miaka. Magonjwa ya erlikia na babesia huletwa na kupe. Minyoo ya moyo huletwa na mbu, na kipimo chake cha kawaida huweza kuikosa miezi 6 ya mwanzo, kwa hiyo kirudiwe. Majibu safi yatunze, ni ushahidi wako.

Ukikataliwa, usinyamaze. Anayepaswa kuthibitisha kwamba ugonjwa ulikuwepo ni kampuni, si wewe. Iulize ni mstari upi wa faili inaoutegemea, umpelekee daktari wako aujibu kwa barua, kisha upeleke malalamiko rasmi. Wiki 8 zikipita bila jibu la mwisho, au jibu lisipokuridhisha, nenda Financial Ombudsman Service, taasisi inayoamua migogoro kati ya wateja na kampuni za fedha na bima, ndani ya miezi 6 tangu upate jibu hilo. Huduma yao ni ya bure.