Mama anapita Doha: kiti cha magurudumu kiombwe mapema, na kiombwe sawasawa

Kazi yangu ni kukata tiketi hapa Unguja, na wasafiri wanaonishughulisha zaidi ni wazee: bibi wa Chake Chake anayekwenda kuwaona wajukuu Maskati, baba anayepelekwa India kutibiwa, mama aliyeitwa na mwanawe Uingereza. Wengi wao hupitia Doha. Watoto wao huja wakauliza bei na kilo za mizigo. Ni wachache wanaouliza mzee atatembea masafa gani akishuka, na hilo ndilo linalowachosha wazee wetu kuliko saa zote za kukaa angani.

Kiwanja cha ndege cha Doha, kiitwacho Hamad, kilianza kutumika mwaka 2014. Jengo la abiria ni moja, lakini limetanuka kwa matawi yaliyopewa herufi, A hadi E, na geti lako huanza na mojawapo ya herufi hizo. Ndani ya jengo kuna treni inayowavusha abiria kati ya upande wa kusini na wa kaskazini. Kuna bustani ya miti halisi chini ya paa la kioo, na kuna dubu mkubwa wa manjano, urefu wake karibu mita 7, ambaye wapita njia hupiga naye picha na wenye kupoteana huahidiana kukutana hapo. Kuna vyumba vya kusalia, wanaume kwao na wanawake kwao, na pa kutilia udhu. Mwenye magoti mazima atayafaidi yote. Mwenye magoti mabovu anahitaji kwanza mtu wa kumfikisha.

Mtu huyo yupo, na kwa mashirika mengi ya ndege abiria halipi kitu. Tatizo ni kuwa watu huomba "wilicheya" tu, wakadhani imetosha. Kwenye mfumo wa tiketi kuna maombi matatu tofauti. WCHR ni ya anayeweza kupanda na kushuka ngazi mwenyewe, ila hawezi masafa marefu. WCHS ni ya asiyeweza ngazi, lakini ndani ya ndege atajikokota hadi kwenye kiti chake. WCHC ni ya asiyeweza kutembea kabisa, hata ndani ya ndege lazima abebwe.

Herufi moja hiyo ya mwisho ina uzito. Katika kiwanja kikubwa si kila ndege hufungwa kwenye daraja la jengo. Nyingine husimama mbali, abiria wakashuka kwa ngazi na kupakiwa kwenye basi. Aliyeandikiwa WCHS huletewa gari lenye chumba kinachonyanyuliwa hadi usawa wa mlango wa ndege. Aliyeandikiwa WCHR anahesabiwa kuwa ngazi anaziweza. Bibi yako akiandikwa vibaya, atasimama mlangoni juu huku kiti kinamsubiri chini.

Kwa hiyo mimi humuuliza mzee mwenyewe, simuulizi mwanawe. Na siulizi "Bibi, ngazi unaziweza?" kwa sababu atajibu anaweza, wazee wetu hawapendi kuwa mzigo kwa mtu. Namwamkia, tunazungumza, kisha namuuliza: "Ukialikwa maulidi ghorofani, nani hukushika mkono?" Jibu la hapo ndilo ninaloliandika.

Omba siku unapokata tiketi, au angalau saa 48 kabla ya safari. Kisha mwambie wakala wako akuoneshe ombi limekubaliwa: kwenye mfumo litakuwa na herufi HK. Kama halina, bado halijathibitishwa, na usikubali kuambiwa "nimeshaweka". Wakati huohuo, kama mzee ana sukari, omba chakula cha DBML.

Wa Pemba wana jambo lao. Mara nyingi tiketi ya Pemba hadi Unguja hukatwa peke yake, kwa ndege ndogo yenye ngazi nyembamba na ruhusa ya kilo 15 tu. Ombi lililo kwenye tiketi ya Doha haliendi kwenye tiketi hiyo, na begi halipiti moja kwa moja: linachukuliwa Unguja na kupelekwa tena kaunta. Lazima awepo mtu wa kumpokea. Mimi hushauri mzee alale Unguja usiku mmoja. Kuunganisha siku hiyohiyo ni kumtesa.

Akifika Doha, asinyanyuke. Abiria wengine watashuka kwanza, kisha atafuatwa. Atapitishwa kwenye ukaguzi, na hapo halua, asali na achari vikiwa mkononi vinaweza kuchukuliwa, maana kinachopita ni vimiminika na vitu vya kuteleza visivyozidi mililita 100 kwa chombo. Zawadi hizo ziende kwenye begi kubwa. Insulini ni kinyume chake: abaki nayo mkononi pamoja na barua ya daktari.

Baadaye atakalishwa mahali pa kusubiri, pengine kwa saa kadhaa, na hapo ndipo wengi huingiwa na hofu kuwa wamesahauliwa. Wasukumaji wametoka nchi nyingi. Anaweza kumpata Mkenya wakazungumza Kiswahili, lakini asilitegemee hilo. Mwandikie kadi kwa Kiingereza na Kiarabu: jina lake, anakokwenda, maradhi yake, simu yako, na sentensi mbili, "Naomba kwenda chooni" na "Naomba kupelekwa kusali". Kadi hiyo, pasipoti na pasi ya kupandia zikae kwenye kipochi cha shingoni, ndani ya buibui. Saa moja kabla ya ndege kuondoka, amwoneshe pasi mfanyakazi yeyote aliye karibu, kwa sababu geti kwa kawaida hufungwa dakika 20 kabla.

Na safari ya kurudi nayo inataka ombi lake. Wazee wakishafika kwa watoto huzuiwa wakae zaidi, tarehe ikabadilishwa. Tiketi ikitolewa upya, ombi la kiti linaweza kubaki kwenye ile ya zamani. Piga simu, omba tena, na uulize tena kama HK ipo.