Namba iliyo kwenye ripoti ya skani ya CT si dozi aliyopata mgonjwa

Mama mmoja alinijia akiwa na karatasi ya majibu ya mtoto wake wa miaka 7, aliyekuwa amepigwa skani ya CT ya tumbo kwa sababu ya maumivu ambayo ultrasaundi haikuweza kubaini chanzo chake. Chini ya karatasi palikuwa na mstari mdogo wenye namba mbili, 5.0 mGy (miligrei, kipimo cha dozi ya mionzi) na 125 mGy·cm. Aliweka kidole juu ya namba ya kwanza akaniuliza, “Daktari, hii ndiyo mionzi iliyoingia kwa mwanangu?” Mimi ni mwanafizikia wa tiba, situmii muda wangu kutibu bali kupima mionzi na kuhakiki mashine zinazoitoa, na jibu sahihi la swali lake lilikuwa hapana. Kueleza kwa nini ni hapana kunadai maneno mengi kuliko yanayotosha kusemwa wakati watu wamesimama ukumbini, ndiyo maana ninayaandika hapa.

Namba ile ya kwanza ilitokana na silinda ya plastiki ya akriliki. Duniani kote kuna silinda mbili za kawaida kwa kazi hii: moja yenye kipenyo cha sentimita 16, inayosimama badala ya kichwa, na nyingine yenye kipenyo cha sentimita 32, inayosimama badala ya kiwiliwili. Silinda hulazwa kwenye kitanda cha mashine, na ndani ya tundu zake huingizwa chemba ya ayoni, yaani kijiti chembamba chenye hewa ndani, ambacho urefu wake unaopima ni milimita 100. Eksirei inapopita hung’oa elektroni kutoka kwenye atomi, chaji inayotokana nazo hukusanywa kwa volteji, na elektromita husoma chaji hiyo kwa sehemu ndogo sana za kulombi, yaani kizio cha chaji ya umeme. Kwa kuwa tunajua kwamba kila kulombi moja ya chaji katika hewa kavu hugharimu takriban joule 33.97 za nishati, na kwa kuwa chemba yenyewe imelinganishwa na kipimo rejea cha maabara ya taifa, tunaweza kutoka kwenye chaji hadi kwenye nishati iliyoachwa katika kila kilo moja ya maada. Joule moja kwa kilo moja ndiyo grei moja.

Kazi hii nimeifanya mara nyingi sana na ninaiheshimu. Chemba ikiwa imehakikiwa vizuri, na joto na kanieneo ya hewa vikizingatiwa (watu husahau kanieneo, na kosa lake huonekana mara moja kwenye miinuko mirefu), vipimo viwili vya watu tofauti hutofautiana kwa asilimia chache tu. Lakini kilichopimwa ni silinda. Mashine inapoandika miligrei 5.0 kwenye ripoti, inasema kwamba kama ile silinda ya sentimita 32 ingelazwa mahali pa mgonjwa na kupigwa kwa mipangilio ileile, wastani wa dozi ndani yake ungekuwa miligrei 5.0. Namba ya pili ni zao la hiyo ya kwanza na urefu uliopigwa, ambao kwa mtoto huyu ulikuwa sentimita 25.

Sasa mtoto wa miaka 7 hana kiwiliwili cha sentimita 32. Nilipima kwenye picha zake: upana wa sentimita 21 na unene wa 15 kutoka mbele hadi nyuma, ambavyo kwa pamoja ni sawa na duara la kipenyo cha karibu sentimita 18. Katika mwili mnene, tabaka za nje hukinga za ndani, kwa hiyo katikati hufika eksirei kidogo. Katika mwili mwembamba kinga hiyo ni haba, na mionzi inayoingia upande mmoja hufika upande wa pili ikiwa bado na nguvu. Mwaka 2011 Chama cha Wanafizikia wa Tiba cha Marekani kilichapisha jedwali la kurekebisha namba ya silinda kulingana na ukubwa wa mgonjwa, na kwa kipenyo cha sentimita 18 kizidishio chake ni karibu 1.9. Kwa hiyo miligrei 5.0 za kwenye karatasi zilikuwa karibu miligrei 10 ndani ya tumbo la mtoto. Kwa mtu mzima mnene mambo hugeuka, ripoti ikaonyesha dozi kubwa kuliko aliyopata. Ninaona uzito wa jambo hili kwa sababu kosa limelalia upande mbaya: wale ambao tishu zao huathirika zaidi ndio ambao ripoti huwapunguzia namba.

Hatua inayofuata, kutoka grei kwenda siverti, ndiyo inayowapoteza hata wenzangu. Grei ni kiasi cha kifizikia, kinapimika. Hata hivyo nishati peke yake haituelezi madhara: grei 4 kwa mwili mzima zinaweza kuua takriban nusu ya watu wasiopata matibabu, ilhali nishati hiyo, kama ingekuwa joto tu, ingeongeza halijoto ya mwili kwa elfu moja ya digrii. Madhara hutokana na mahali nishati inapoangukia, hasa kwenye nyuzi za DNA. Kwa hiyo Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi huchukua dozi ya kila kiungo, huipa uzito kulingana na urahisi wa kiungo hicho kupata saratani au madhara ya kurithiwa, kisha hujumlisha, na jumla hiyo ndiyo dozi fanisi inayotajwa kwa siverti.

Uzito huo ni uamuzi wa kamati uliojengwa juu ya ushahidi, na ushahidi ukibadilika nao hubadilika. Katika mapendekezo ya mwaka 1990 titi lilipewa 0.05, na mwaka 2007 likapandishwa hadi 0.12, viungo vya uzazi vikashushwa kutoka 0.20 hadi 0.08. Mwanamke aliyepigwa skani ya kifua kabla ya badiliko hilo, tukimkokotolea upya leo, hupata siverti nyingi zaidi bila chochote kubadilika mwilini mwake. Tume yenyewe imeeleza kwamba dozi fanisi haikusudiwi kumkadiria mtu mmoja hatari yake. Hutumika vizuri kulinganisha: picha ya kifua ya upande mmoja ni karibu milisiverti 0.02, mionzi ya asili ya mwaka mzima ni wastani wa milisiverti 2.4 duniani, na skani ya CT ya tumbo kwa mtu mzima mara nyingi huangukia kati ya 5 na 10.

Hatari yenyewe tunaijua kutoka wapi? Msingi mkubwa ni ufuatiliaji wa manusura wa Hiroshima na Nagasaki, ulioanza mwaka 1950 na kuhusisha watu wapatao 120,000, wakiwemo wakazi ambao hawakuwa mijini siku ya mabomu. Juu ya takriban miligrei 100 ongezeko la saratani linaonekana wazi. Chini ya hapo ongezeko hufifia ndani ya saratani za kawaida, ambazo humpata karibu mtu mmoja kati ya watano duniani hata bila skani yoyote, na kwa muda mrefu wataalamu walilazimika kurefusha mstari ulionyooka kutoka kwenye dozi kubwa kwenda kwenye ndogo, yaani kudhani kwamba hatari hupungua kwa uwiano uleule na dozi.

Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2012, wenye vijana na watoto karibu 180,000 waliopigwa CT, ulionyesha uhusiano na saratani ya damu na uvimbe wa ubongo, na pingamizi lilikuja haraka: mtoto hapigwi skani bure, na pengine ugonjwa uliomleta ndio uliotangulia. Pingamizi hilo lina haki. Uvimbe ambao haujatambuliwa huleta maumivu ya kichwa, maumivu huleta skani, kisha saratani huhesabiwa baada ya skani. Ndiyo maana utafiti wa nchi tisa za Ulaya uliotolewa mwaka 2023, wenye watu karibu 950,000, umenishawishi zaidi. Watafiti waliacha nje miaka ya mwanzo baada ya skani, wakakadiria dozi ya uboho wa mifupa, ambako damu hutengenezwa, kwa kila mtu badala ya kutumia siverti za jumla, na wakakuta saratani za damu zikiongezeka kadiri dozi inavyopanda. Kwa watoto 10,000 wanaopigwa skani moja yenye wastani wa miligrei 8 kwenye uboho, walikadiria mmoja au wawili watakaopata saratani ya damu kutokana na mionzi hiyo ndani ya miaka 12. Ninaamini kwamba mstari ule ulionyooka haujawahi kuwa na ushahidi mzuri kuliko sasa, na kwamba mtaalamu anayemwambia mzazi “hakuna hatari kabisa” anasema kisichothibitika.

Namba ya silinda, pamoja na mapungufu yake, ina kazi ambayo hakuna nyingine inayoifanya: kuonyesha kwamba mashine imepangwa vibaya. Mwaka 2009 ilibainika kwamba katika hospitali moja ya Los Angeles wagonjwa zaidi ya 200 waliopimwa mtiririko wa damu kwenye ubongo walikuwa wamepata takriban mara nane ya dozi iliyokusudiwa, kwa muda wa miezi 18. Wengine walinyonyoka nywele kwa mkanda kuzunguka kichwa. Kwa miezi yote hiyo skrini ilikuwa ikionyesha dozi kila skani inapopangwa.

Mama yule alikuwa na swali jingine: kwa nini hawakumfunika mtoto kwa kifuniko cha madini ya risasi? Mwaka 2019 chama kilekile cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kilishauri kuacha desturi ya kufunika viungo vya uzazi vya wagonjwa wakati wa picha, kwa sababu mionzi inayotawanyika huanzia ndani ya mwili wenyewe, mahali ambapo risasi ya nje haifiki, na kifuniko kikiingia ndani ya eneo la picha, mfumo wa mashine unaojirekebisha huongeza mionzi ili kuipenya.

Nilimwandikia pembeni ya karatasi “takriban miligrei 10, kipenyo sentimita 18”, nikamweleza ile hesabu ya watoto 10,000, na kwamba skani hiyo ilionyesha kidole tumbo kilichovimba, ambacho daktari wa upasuaji alihitaji kukiona. Kisha nikamwomba aidai CD ya picha kabla ya kuondoka, aende nayo popote mtoto atakapopelekwa, kwa kuwa skani inayorudiwa kwa sababu ya kwanza haikupatikana ndiyo ninayoijutia kuliko zote. Alirudi mapokezi kuiulizia, karatasi ikiwa bado mkononi.