Chenso "haina moto" maana yake nini?

Fundi akikwambia chenso yako (msumeno wa mnyororo) "haina moto", moto anaousema ni cheche inayoruka kwenye ncha ya plagi na kuwasha petroli iliyochanganyika na hewa ndani ya silinda. Cheche isiporuka, utavuta kamba mpaka bega liume, na kabureta uliyoifungua jana utakuwa umeionea bure.

Chenso za kawaida za petroli hazina betri ya kuwashia. Umeme unazaliwa pale unapovuta kamba: flaiwili (gurudumu zito lenye sumaku) inazunguka, sumaku yake inapita mbele ya koili (kifaa cha kukuza umeme), na koili inatoa maelfu ya volti yanayokwenda kwenye plagi kupitia waya mnene. Njia ni fupi hivyo. Kinachochanganya watu ni swichi, maana haifanyi kazi kama ya taa. Ukizima taa unakata umeme. Ukizima chenso unaunganisha. Waya mwembamba wa koili unagusishwa na bodi ya chuma ya mashine, umeme unaishia huko, plagi haipati kitu. Kwa hiyo waya huo ukikatika, mashine inawaka vizuri ila haizimiki. Ukichubuka na kugusa chuma, mashine ni kama imezimwa muda wote, swichi uiweke utakavyo. Mimi niliwahi kununua koili mpya, bei yake siitaji, kumbe waya ulikuwa umebanwa chini ya kava.

Kupima, chomoa plagi, irudishe kwenye kepu yake (kifuniko cha mpira mwishoni mwa waya mnene), kisha gusisha nyuzi zake za chuma za kufungia kwenye mapezi ya silinda. Iweke mbali na tundu ilimotoka, kwa sababu tundu hilo linatema mvuke wa petroli na cheche ikiufikia utaungua. Ishike kwa koleo lenye mpini wa mpira, simama kivulini, vuta kwa nguvu. Moto mzuri ni wa buluu na unasikika ukilia. Ukiwa mwembamba wa rangi ya machungwa, au usiwepo, funga plagi mpya kwanza. Mwanya wake kwa chenso nyingi ni milimita 0.5. Plagi mbovu ina hila: nje inatoa cheche, ndani inagoma, kwa kuwa hewa iliyobanwa na pistoni inadai volti nyingi zaidi.

Bado giza? Chomoa ule waya mwembamba kwenye koili, upime tena plagi ikiwa nje. Moto ukirudi, koili ni nzima. Mkosaji ni waya au swichi.

Usiporudi, angalia nafasi kati ya koili na flaiwili. Kwa kawaida ni kama milimita 0.3, na kutu ikiota hapo isugue kwa msasa laini. Legeza skrubu za koili, pitisha kadi ngumu katikati, iache sumaku iivute koili, kaza, chomoa kadi. Ikikataa hata hapo, koili imekufa.

Kuna koili nyingine hufa kwa zamu. Asubuhi inapiga kazi, ikishapata joto inazima, ukipumzika nusu saa inawaka tena, na ukiipeleka kwa fundi inakuaibisha kwa kuwaka mvuto wa kwanza. Hiyo haipimwi gereji. Ipime palepale porini ilipozimia, kabla haijapoa, kwa plagi ya akiba uliyokwenda nayo mfukoni.