Kihongwe (mtoto wa punda) amezaliwa: maswali na majibu kuhusu saa 24 za kwanza

Punda ameanza uchungu. Tukae naye?

Mwangalieni kwa mbali, kimya. Chupa ya maji ikishapasuka, mtoto hutoka ndani ya nusu saa hivi: kwato mbili za mbele, nyayo zikitazama chini, kisha pua juu ya miguu. Ukiona nyayo zimetazama juu, au mguu mmoja tu, mwite daktari wa mifugo papo hapo. Kikitangulia kifuko chekundu badala ya utando mweupe, kondo limebanduka mapema na mtoto anakosa hewa. Kipasueni na mtoeni mtoto hapohapo, daktari atawakuta.

Kitovu kikatwe?

Hapana. Mama akisimama, au mtoto akifurukuta, hukatika chenyewe sentimita chache kutoka tumboni. Wembe huacha mishipa wazi, damu ikatoka nyingi. Mimina klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) ya asilimia 0.5 kwenye kikombe kidogo (ya asilimia 2 changanya sehemu 1 na maji safi sehemu 3) na uchovye kitovu chote. Rudia kila baada ya saa 6 siku ya kwanza, kisha asubuhi na jioni hadi kikauke. Iodini kali huunguza ngozi. Majivu na samadi, ambavyo bado kuna wanaopaka, ni njia ya wazi ya kuingiza pepopunda.

Mtoto amesimama lakini hanyonyi. Tusubiri mpaka lini?

Asimame ndani ya saa 1, anyonye ndani ya saa 2. Hapa ndipo vihongwe wengi wanapopotea, kwa sababu kondo la punda halipitishi kingamwili: mtoto huzaliwa hana kinga, na yote huipata kwenye dang'a, maziwa ya kwanza ya mama. Utumbo wake huipokea vizuri katika saa 6 hadi 8 za kwanza, kisha hujifunga polepole. Baada ya saa 24 hata ukimpa ndoo nzima haitamlinda.

Msidanganywe na kumwona chini ya mama. Mtazameni usoni: paji la uso likiwa limelowa maziwa na kiwele kimejaa, maziwa yanamdondokea tu, hanyonyi. Mkamueni mama kwenye chombo safi, mumpe mtoto kwa chupa. Wa kilo 12 anahitaji kama lita 1 ya dang'a kwa jumla, mililita 100 hadi 150 kila saa. Awe amesimama au amelalia kifua, na pua isipande juu ya macho, la sivyo maziwa huingia mapafuni. Asiyeweza kufyonza asilazimishwe. Daktari atamlisha kwa mrija. Kipimo cha damu cha saa 18 hadi 24 kitaonyesha kama kinga imetosha.

Mtoto wa nyumbu (mzazi mmoja punda, mwingine farasi) ana hatari nyingine. Mama akiwa na kingamwili dhidi ya damu ya mtoto, dang'a hiyohiyo huivunja. Ufizi ukigeuka njano na mtoto akalegea siku za mwanzo, mzuieni kunyonya na mwiteni daktari.

Anajikamua, hapati choo.

Kinyesi cha kwanza ni cheusi, kigumu, na hutoka ndani ya saa 24. Dang'a husaidia kukilainisha. Kisipotoka, daktari humwingizia maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini. Kijiti wala kidole visiingizwe.

Kondo la nyuma halijatoka.

Saa 3 zikipita ni dharura. Msilivute, maana kipande kikibaki huoza, sumu ikaenda hadi kwenye kwato. Lifungeni fundo juu ya magoti ya nyuma asilikanyage. Likitoka, litandazeni chini mhakikishe ni zima.

Punda wetu wa Lamu hulala nje. Na mtoto je?

Manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi, na mvua ya masika humletea kihongwe homa ya mapafu haraka. Apate banda kavu lisilopigwa na upepo, majani makavu chini. Pimeni joto njia ya haja kubwa: kawaida ni nyuzi 37.2 hadi 38.9. Mama naye asirudishwe kwenye kubeba mchanga na mawe akiwa bado ananyonyesha mtoto wa siku chache, na akikataa kula siku moja tu, mwiteni daktari: punda asiyekula hujaza mafuta kwenye damu, na hali hiyo huua.