Fomati ya jarida: yanayoaminiwa na yalivyo

Mhadhiri wa Dodoma, awe Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini au Chuo Kikuu cha St John's, hapandi cheo bila makala zilizochapishwa. Makala hizo anazipeleka kwenye majarida ambayo kila moja lina mwongozo wake. Hili linataka marejeleo kwa namba, lile kwa jina na mwaka. Hili linataka ikisiri, yaani muhtasari wa makala, ya maneno 250, lile 150. Hapa majedwali yakae ndani ya maandishi, kule yawekwe mwisho. Asipofuata, kazi inaweza kurudishwa kabla mhakiki, mtaalamu anayeipima kwa niaba ya jarida, hajasoma hata sentensi moja. Mimi ni miongoni mwa wanaotaka majarida yakubaliane kiwango kimoja cha kupokea makala, na kila ninapoitoa hoja hii nakutana na majibu yaleyale. Mengi hayalingani na hali halisi.

"Masharti makali ya fomati ni alama ya jarida makini." Umakini wa jarida unaonekana kwa wahakiki wake na kwa mhariri anayethubutu kukataa kazi mbovu. Pambizo ya sentimita 2.54 haimwambii mtu iwapo sampuli ilitosha. Majarida ya kitapeli, yale yanayochapisha chochote mradi umelipa, nayo yana violezo, tena vingine vinapendeza kweli.

"Kupanga upya ni kazi ya jioni moja." Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Mwaka 2019 jarida la PLOS ONE lilichapisha utafiti uliowauliza watafiti 372 kutoka nchi 41 wanatumia muda gani kufomati, ukiondoa kuandika na kuchambua data. Ukiyapanga majibu yao kuanzia dogo hadi kubwa, lililo katikati ni saa 14 kwa makala moja, sawa na dola 477 za Marekani kwa mishahara yao.

Chukua mtafiti wa zabibu anayeandika kuhusu ugonjwa wa majani kwenye mashamba ya Makutupora. Ana marejeleo hamsini, na jarida la kwanza linataka namba. Kazi inakataliwa. La pili linataka jina na mwaka, basi anafuta namba moja baada ya nyingine, anaingiza majina, kisha anaipanga orodha upya kwa alfabeti. Inakataliwa tena, safari hii ikiwa na maoni ya wahakiki. Anahamisha aya mbili kama walivyomshauri, anaipeleka jarida la tatu, nalo linataka namba. Kwa kuwa aya zimehama, rejeleo lililokuwa la 12 sasa ni la 31, na yote yaliyo baina yake yanasogea. Kuhamisha zile aya kulikuwa na faida kwa msomaji. Saa zingine zote hazikuongeza kitu kuhusu zabibu. Mtu huyohuyo anafundisha mchana, ana rundo la mitihani ya kusahihisha, na fomati anaifanya usiku.

Atasema mtu: si kuna programu za kompyuta za kupanga marejeleo? Zipo. Zotero ni ya bure tangu 2006, nami humsihi kila mwanafunzi wa uzamili aitumie. Lakini hazina ya mitindo inayotegemewa na programu hiyo ina mitindo zaidi ya 10,000. Idadi hiyo peke yake ingetosha kutushtua. Tena programu hupanga marejeleo tu. Majedwali, picha na urefu wa ikisiri unabaki navyo wewe. Hata marejeleo yenyewe yanataka jicho la mtu. Ripoti ya serikali ikiingizwa vibaya, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inatokea kwenye orodha kama mtu mwenye jina la ukoo Tanzania, na herufi za kwanza za maneno mengine zikimfuata nyuma. Makala nyingi zinazoandikwa hapa makao makuu zinategemea ripoti za namna hiyo, kwa hiyo si jambo la nadra.

"Jarida linahitaji kazi ifike ikiwa tayari kuchapwa." Kwa wachapishaji wakubwa hii si kweli. Faili lako la Word linageuzwa kuwa XML, lugha ya kompyuta inayoweka alama kwenye kila sehemu ya makala, na kwa kazi hiyo majarida mengi yanafuata kiwango kimoja kiitwacho JATS, kilichopitishwa rasmi Marekani mwaka 2012. Maana yake nyuma ya pazia wachapishaji wamekwisha kubaliana. Fonti uliyohangaika nayo inatupwa, na sura ya ukurasa inatengenezwa upya.

Kwa majarida madogo ya vyuo vyetu hali ni tofauti, na lazima tuseme hivyo kwa haki. Mara nyingi mhariri ni mhadhiri kama wewe, halipwi kwa kazi hiyo, na hana mtu wa kupanga kurasa. Faili la mwandishi ndilo linalogeuzwa PDF na kupandishwa mtandaoni. Mhariri huyo akiomba kiolezo kifuatwe, namwelewa kabisa. Ninachopinga ni wakati anaoombea. Makala kumi zikiletwa na mbili zikakubaliwa, wanane wamepanga kurasa ambazo jarida hilo halitazichapisha kamwe.

"Majarida hayawezi kukubaliana." Yalishakubaliana. Mwaka 1978 wahariri wachache wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, na mwaka uliofuata wakatoa masharti ya pamoja. Ahadi yao ilikuwa kwamba mwandishi akifuata masharti hayo, hakuna jarida kati yao litakalomrudishia kazi kwa sababu ya mtindo kabla ya kuipima. Mwaka 2011 jarida la Free Radical Biology and Medicine likapiga hatua zaidi: leta makala kwa mpangilio wowote, fomati tutaizungumzia baadaye. Wachapishaji wengine wamefuata njia hiyo, na uhakiki haujasimama.

Linabaki suala la fani, nalo lina uzito. Utafiti wa kuwaosha watoto nyuso ili kupunguza trakoma, ugonjwa wa macho, uliofanyika Kongwa na kutoka kwenye jarida la tiba la Lancet mwaka 1995, unakaa vizuri katika utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala. Mwanahistoria anayeandika juu ya mradi wa karanga wa Waingereza hapohapo Kongwa anahitaji tanbihi za majalada ya kumbukumbu, na kumlazimisha awe na sura ya "matokeo" ni kumharibia kazi. Kiwango ninachokitetea hakigusi namna fani inavyojenga hoja. Kinahusu mlango wa kuingilia tu.

Kwa majarida ya hapa kwetu, jambo hili halihitaji fedha wala mkutano wa kimataifa. Mwongozo kwa waandishi unaweza kusema hivi: lete faili moja linalosomeka, lenye ikisiri na mistari yenye namba, majina ya waandishi yawe kwenye ukurasa wa pekee ili wahakiki wasiyaone, ambatisha kibali cha maadili pale kinapohitajika, marejeleo yawe kwa mtindo wowote, mradi ni mmoja na kila rejeleo limekamilika. Kiolezo utapewa makala ikikubaliwa. Nawaomba wahariri wa Dodoma waanze na toleo lijalo.